Ndama wa Mwaka Jana

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Mei,
na huku kwetu jua lilikwisha kuchomoza zamani,
nilikuta miguu minne bustanini mwangu.
Miguu kwanza. Mirefu, ya kijivu, kama ngazi
iliyosahauliwa na mpaka rangi.
Ndipo nikaona kilichobebwa juu yake:
kifua, nundu, pua iliyolegea kama soksi mbichi,
na masikio yakizunguka, moja huku, moja kule,
kama watu wawili wasiokubaliana njia.

Elgi.
Si lile dume la pembe pana la kwenye kibao cha barabarani.
Huyu ndama wa mwaka jana, mbavu zahesabika,
manyoya ya baridi yakimbanduka mabegani
kama zulia kuukuu.
Alisimama kati ya trampolini ya wajukuu wa jirani
na mtufaha wangu, akitafuna machipukizi
taratibu, kama mtu anayekula kwa watu.

Nikamrushia kandambili. Ikampata ubavuni.
Akaitazama kandambili, akanitazama mimi,
akaendelea kutafuna.
Nikagonga sufuria. Nikapiga honi ya gari
mpaka Borghild wa nyumba ya manjano akafungua dirisha
kuuliza kama nimerukwa na akili
au sikukuu ya taifa imewahi.

Mke wangu Aslaug alikuwa nyuma ya kioo cha jikoni,
kikombe mkononi, hanywi.

Nikapigia simu manispaa. Akapokea kijana, Eivind,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa hayo mara nne tangu Jumatatu.
"Mama yake yupo?"
Nikasema simwoni.
"Basi kafukuzwa. Kila Mei ni hivyo.
Mama akikaribia kuzaa humgeukia huyu wa mwaka jana,
hulaza masikio, humpiga kwa kwato za mbele,
leo, kesho, mpaka aelewe.
Naye haelewi. Hurudi. Hupigwa tena.
Ndiyo hao wanaozagaa mitaani,
wanasimama kwenye vituo vya basi, kwenye vibaraza.
Usimkaribie. Usimlishe. Mwachie njia."

Husemwa teke la kuku halimuumizi mwanawe.
Aliyesema hakuwahi kuona ukwato wa elgi.

Nikabaki na kandambili moja,
mguu wa pili umelowa umande,
nikajikuta nahesabu miezi: Februari, Machi, Aprili.
Februari, theluji ikiwa imefika madirishani,
nilimwambia Jostein, miaka ishirini na sita,
kwamba chumba cha chini nakihitaji kwa vifaa vyangu.
Vifaa gani, hakuniuliza.
Alibeba begi moja na gitaa lisilo na mfuko.
Aslaug alimfungia mkate kwenye karatasi.
Chumba kitupu mpaka leo. Sijapeleka hata bisibisi.

Sijui nilisimama muda gani.
Mnyama alilala, akiikunja miguu ile mmoja mmoja, kwa taabu,
kama mtu anayekunja meza ya kuazima.
Akacheua.
Mara moja tu kitu kililia upande wa msituni,
akainua kichwa, masikio yote mawili mbele.
Lilikuwa lori la magogo.
Likapita, likaisha, naye bado anatazama kule.

Saa mbili na nusu akainuka, akavuka ua wangu,
ua niliojenga kwa mikono hii, mita moja na robo,
kama anavuka kizingiti,
akaacha shungi la manyoya kwenye msumari.

Jioni Aslaug alinikuta langoni.
"Umeliacha wazi," akasema. "Kwa ajili ya elgi?"
"Elgi hana haja na lango," nikamjibu,
nikajifanya nakagua kutu kwenye komeo.

Hakuongeza neno. Akaingia ndani.
Baada ya kitambo nikasikia, chini kule, usawa wa nyasi,
dirisha lililogandamana tangu Februari
likisukumwa, likikataa,
likifunguka.